Baada ya Shikamoo: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Mafunzo ya Tiba ya Meno Mbeya

Kwa Mkuu wa Chuo,
na kupitia kwako kwa Mratibu wa Mafunzo kwa Vitendo na Msimamizi wa kliniki ya meno wanakofanyia mazoezi wanafunzi wako.

YAH: WANAFUNZI WA TIBA YA MENO NA WAGONJWA WAZEE

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Uyole na katibu wa baraza la wazee la mtaa wetu. Nimefundisha miaka 34, kwa hiyo ninapoandika kuhusu wanafunzi naandika kuhusu watu ninaowajua na kuwapenda. Chuo chako sikitaji kwa jina, wala kliniki siitaji, kwa sababu sikukusudia kumfedhehesha mtu. Wewe utajitambua, na wenzako wa Iringa na Njombe wenye wanafunzi wa namna hiyo hiyo watajipima wenyewe.

Ninalalamikia namna wanafunzi wako wanavyowahudumia wagonjwa wazee, na njia za ndani nimezipita zote. Februari nilitumbukiza karatasi kwenye sanduku la maoni. Machi nilileta barua kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo. Aprili nilikuja mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la ukumbini tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, nikaambiwa kwamba mratibu yuko kikaoni. Mei alinipigia simu kijana mwenye adabu sana, akaniarifu kuwa suala langu linafanyiwa kazi. Sasa ni Agosti, na kazi hiyo, kama ipo, hatujaiona. Ndiyo maana barua hii inasomwa na watu wote.

Nianze na siku yenyewe. Mama yangu mdogo ana miaka 78 na anaishi Tukuyu. Alipanda kosta ya alfajiri, akafika Mbeya amejifunga vitenge viwili juu ya sweta, kiganja kimoja shavuni. Jino lililokuwa likimsumbua lilikuwa la juu, upande wa kushoto. Halikuwa linacheza hata kidogo, ila lilikuwa limetoboka pale linapokutana na fizi, na maji ya bomba ya asubuhi, ambayo kila aliyeishi Mbeya anayajua yalivyo, yalikuwa yakimchoma hadi utosini. Mwanafunzi aliyempokea alisema, "Shikamoo bibi," kwa unyenyekevu kamili, akamshika mkono mpaka kwenye kiti. Kisha akanigeukia mimi. "Mama, bibi anaumwa jino lipi?" Nikamjibu, "Muulize mwenyewe, anasikia kuliko mimi." Akacheka kwa aibu, akamwangalia kinywani kwa muda ambao ungeweza kuhesabu moja hadi thelathini, akaniambia tena mimi, "Kwa umri huu ya nini kuhangaika kuziba, mama. Tuling'oe tu, bibi apumzike." Alipokuwa akivuta ganzi kwenye bomba la sindano nilimsikia akimnong'oneza mwenzake kwamba hilo lingemtimizia ishirini.

Jino likang'oka. Mama mdogo ana meno bandia manne ya mbele, ya plastiki, yanayoshikiliwa na vikulabu viwili vya waya, kimoja kila upande, na kikulabu cha kushoto kilikuwa kimeshika jino lile lile. Alikuwa ameyavua na kuyafunga kwenye leso kabla ya kupanda kitini. Mwanafunzi aliyapokea, akayaweka kwenye sinia bila kuyatazama, na mimi ndiye niliyeyaokota baadaye kati ya pamba zenye damu kabla mhudumu hajayamwaga. Tangu siku hiyo hayashiki. Akizungumza yanashuka, akila yanaelea. Hukaa kwenye kikombe juu ya kabati, na huyavaa Jumapili tu, akaimba kanisani ameziba mdomo kwa kiganja. Kande aliyokula maisha yake yote sasa anaitwanga kwanza kwenye kinu cha vitunguu.

Nilipolieleza jambo hili kwenye baraza letu nilidhani ni la kwetu peke yetu. Wenzangu waliposikia, kila mmoja alikuwa na lake, na mengi yalifanana kiasi kwamba nikaweza kuyapanga chini ya hoja chache. Hizi hapa.

1. Mwanafunzi hazungumzi na mzee, anazungumza na aliyemleta.

Shikamoo haikosekani; kwa hilo wazazi wao walifanya kazi yao. Tatizo linaanza baada ya shikamoo. Maswali yote, maelezo yote na hata maamuzi yote yanapita juu ya kichwa cha mgonjwa kwenda kwa mtoto, mjukuu au jirani aliyemsindikiza. Mzee mwenye akili timamu, aliyelima, aliyelea, aliyesimamia misiba na harusi za ukoo mzima, anageuzwa mzigo uliobebwa na mtu mwingine. Ridhaa ya kung'olewa jino huombwa kwa mtu ambaye jino si lake. Na pale Kiswahili cha mzee kinapokuwa kizito kwa sababu amezoea Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe, wanafunzi wengine huongeza sauti, kana kwamba lugha ni uziwi.

2. Dawa anazotumia mzee haziulizwi.

Hii ndiyo hoja inayonitisha zaidi. Mama mdogo anameza dawa ya presha na aspirini ndogo ya kila siku. Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyempima presha, ingawa kipimo kilikuwa kimening'inia ukutani. Nimejielimisha vya kutosha kujua kwamba aspirini haimzuii mtu kung'olewa jino, na kwamba si busara mgonjwa kuiacha bila kumwuliza daktari aliyempa. Inachotaka ni mhudumu ajue mapema, ashone au akandamize vizuri, na amkalishe mgonjwa mpaka damu ikatike. Yeye aliambiwa ang'ate pamba na aende. Alitema damu nyumbani kwangu mpaka saa nne usiku, ndoo ya plastiki ikiwa magotini, mimi nikitafuta simu ya mtu wa kumpigia.

Wanafunzi wako wanasoma haya darasani, sina shaka. Wanajua kwamba dawa kama amlodipini na nifedipini zinaweza kuvimbisha fizi. Kwamba baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kupunguza maji mwilini, na nyingine za mzio na za sonona, hukausha mate. Kwamba mate ndiyo yanayosafisha kinywa na kupunguza makali ya asidi, kwa hiyo kinywa kikavu huoza meno haraka. Kwamba kisukari huharibu fizi na fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Mzee mmoja kwa kawaida anabeba mambo mawili au matatu ya hayo kwa pamoja. Kwa mwanafunzi anayetaka kujifunza, huyo ni kitabu kizima kilichokuja chenyewe kwa nauli yake. Kwa nini basi akifika anaonekana kero?

3. "Kwa umri huu ya nini."

Maneno haya wenzangu sita wameambiwa, kwa siku tofauti na midomo tofauti, kwa hiyo si ya kijana mmoja. Yamekuwa mtazamo wa kliniki. Nyuma yake kuna dhana kwamba kuoza na kupotea kwa meno ni sehemu ya uzee kama mvi, na kwamba kumtibu mzee ni kupoteza vifaa. Dhana hiyo si kweli. Meno hayafi kwa sababu ya idadi ya miaka; yanakufa kwa ugonjwa unaotibika na kuzuilika. Japani walianza mwaka 1989 kampeni ya kuwahimiza wananchi wao wafike umri wa miaka 80 wakiwa na meno yao 20, kwa sababu mwenye meno 20 bado anaweza kutafuna chakula chake cha kawaida. Huko mtu wa miaka 80 anahesabiwa meno yaliyobaki. Huku kwetu, yaliyobaki ndiyo yanayotolewa macho.

Tena jino la mama mdogo lilikuwa la aina ambayo wahenga wa taaluma yenu hapa nchini walikwisha ipatia dawa. Fizi za mzee zikishuka, shingo na mzizi wa jino hubaki wazi, na kwa kuwa mzizi hauna lile tabaka gumu la nje linalolinda sehemu ya juu, huoza upesi. Kuna mbinu ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu kwa saruji ya glasi ionoma inayotoa floraidi, bila mashine ya kuchonga, bila umeme na mara nyingi bila hata sindano. Dunia inaiita ART. Mbinu hiyo ilianzia Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, katika kazi ya afya ya kinywa ya jamii iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa mengine. Hatuzungumzii, kwa hiyo, teknolojia ya kuagizwa Ulaya. Ni vijembe vya mkono, kioo, pamba na nusu saa ya uvumilivu. Mtu wa Tukuyu amesafiri hadi Mbeya kunyimwa kitu kilichobuniwa nyumbani kwake.

4. Kiti.

Mzee hulazwa chali mpaka miguu inazidi kichwa, kisha huinuliwa ghafla na kuambiwa ashuke. Wanaotumia dawa za presha hupata kizunguzungu wakiinuka haraka. Mzee mmoja wa baraza letu aliangukia meza ya vifaa. Dakika mbili za kukaa kitako kabla ya kusimama hazimgharimu mtu chochote.

5. Mzee asiye na jino la kung'oa hana wa kumtazama.

Waliokwisha pungukiwa meno yote huambiwa kliniki ya wanafunzi haina huduma yao, wakati ndio wanaohitaji kuangaliwa ulimi, mashavu na sakafu ya kinywa. Kansa ya kinywa huwapata zaidi watu wa makamo na wazee, na tumbaku ni mojawapo ya vyanzo vyake vikuu. Bibi zetu wengi huku milimani wanaweka ugoro kwenye mdomo wa chini tangu ujana. Kidonda kinachozidi wiki mbili bila kupona kinastahili kuchunguzwa, lakini nani atakiona kama kinywa hakikufunguliwa? Hata meno bandia yenyewe yanahitaji maelezo: kuvuliwa usiku, kusuguliwa, kuwekwa kwenye maji. Katika baraza letu nimekuta watatu wanaolala nayo mwaka wa nane sasa, fizi za juu zimekuwa nyekundu kama nyanya kwa fangasi, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Mheshimiwa Mkuu, baada ya kuyasema hayo nataka kueleza ninavyoamini yanatokea, kwa sababu siamini kwamba mnapokea vijana wenye roho mbaya. Kijana yule alisema "ishirini". Niliuliza, nikaelewa: katika daftari la mazoezi kila mwanafunzi anatakiwa kukamilisha idadi fulani ya kazi, na msimamizi husaini kazi iliyokwisha. Jino lililong'olewa limekwisha siku hiyo hiyo. Historia ndefu ya dawa haina sahihi. Kumshauri mzee kuhusu kinywa kikavu hakuna sahihi. Kuziba jino la mzizi ambalo litahitaji kurudi kutazamwa ni kazi ya siku mbili kwa alama ya siku moja. Mimi nilikuwa mwalimu; najua kwamba mtoto hujifunza kile kinachotahiniwa. Mmehesabu meno, nao wanaleta meno. Kwa hesabu hiyo mzee ni mmojawapo wa vitu viwili tu, ama jino la haraka ama saa iliyopotea.

Na jambo hili halitabaki kliniki ya mafunzo. Kijana huyu akimaliza stashahada yake ya miaka mitatu ndiye atakayepangiwa Makete, Ileje au Ludewa, na huko anaweza kuwa tabibu wa meno pekee ambaye wazee wa eneo zima watamwona. Alichokizoea hapa kwenu ndicho watakachopewa wao.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa hiyo niyatangulie.

Itasemwa kwamba hawa ni wanafunzi, wanajifunza kwa kukosea. Ni kweli, na sisi wazee tunaokubali kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi tunalijua hilo na tunaridhia. Lakini mwanafunzi aliyekosea husahihishwa, na siku ile msimamizi alipita, akatazama tundu lililobaki, akasaini, akaondoka. Lililotendeka siku ile msimamizi wa kliniki alilipitisha kwa kalamu yake.

Itasemwa kwamba wakufunzi ni wachache na vifaa havitoshi. Sibishi. Hata hivyo swali la "unatumia dawa gani, bibi?" halihitaji kifaa, na kipimo cha presha nilikiona kwa macho yangu.

Itasemwa kwamba wazee wenyewe wanachelewa kuja na wakija wanadai kung'olewa. Hapa mna hoja, na nitakuwa mnafiki nikiikana. Wapo wanaokuja baada ya miezi ya karafuu na maji ya chumvi, wapo wanaoficha dawa wanazotumia kwa hofu ya kurudishwa nyumbani, na wapo wanaoona kuziba jino ni anasa ya vijana. Ila mgonjwa anaomba anachokijua. Mtu ambaye tangu mwaka 1970 hajawahi kuona huduma nyingine ya meno zaidi ya koleo ataomba koleo, na kazi ya aliyesoma ni kumweleza kwamba kuna njia nyingine, halafu amwachie achague.

Itasemwa pia kwamba wazee wanatibiwa bure na kliniki haina mapato ya kutosha. Msamaha huo hatukuuomba kwenye kliniki yako. Umetokana na sera za nchi, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Kama fidia ya msamaha inachelewa kufika, hilo ni la ninyi na wanaowalipa, na baraza letu liko tayari kusimama nanyi kulidai. Bibi wa miaka 78 asilipie deni hilo kwa jino lake.

Mwisho itasemwa kwamba mtaala unapangwa juu, NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, na chuo hakina mamlaka ya kuubadilisha. Sikuomba mtaala ubadilishwe. Kinachosainiwa kwenye kliniki yako, na nani anaketi kwenye viti vyako siku gani, ni uamuzi wako.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 kuhusu ubaguzi wa umri ilieleza kwamba mtu mmoja kati ya wawili duniani ana mtazamo wa kibaguzi dhidi ya wazee, na ikataja mambo matatu yanayousaidia mtazamo huo kubadilika: sheria na sera, elimu, na kuwakutanisha vijana na wazee. La kwanza si letu. Mawili yaliyobaki yako ndani ya uwezo wako, nami nayaombea hivi:

(a) Kila mwanafunzi, kabla ya kuhitimu, amhudumie angalau mzee mmoja tangu historia yake mpaka mwisho wa tiba, na kazi hiyo isainiwe kama kazi kamili, kwa uzito usiopungua wa meno kadhaa yaliyong'olewa.

(b) Kwa kila mgonjwa mwenye miaka 60 na zaidi, fomu iwe na nafasi ya dawa anazotumia na presha yake ya siku hiyo, na msimamizi asisaini kazi yoyote ambayo nafasi hizo ziko tupu.

(c) Kabla jino la mzee halijang'olewa, sababu ya kutoliziba iandikwe, na kama ana meno bandia yaangaliwe yanashika wapi.

(d) Siku moja kila mwezi wanafunzi waje kwetu. Ofisi ya mtaa ina ukumbi, viti na dirisha kubwa lenye mwanga mzuri wa asubuhi. Wazee wasiopungua kumi na tano watakuwepo, nami nitawaandikisha mwenyewe. Waje kuchungulia vinywa, kufundisha usafi wa meno bandia, na kuketi kuzungumza na watu hao bila koleo mkononi. Chai na viazi vitapatikana. Huku Uyole viazi havijawahi kutushinda.

(e) Mama yangu mdogo atengenezewe upya meno yake manne, kwa gharama ya kliniki, na mwanafunzi yule yule, chini ya mkufunzi, ndiye apewe kazi hiyo. Simtakii adhabu. Nataka ayaone meno yale mkononi mwake, ayageuze, aone waya ulikuwa ukishika wapi.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye kusema lipi kati ya haya mnalikubali, lipi hamliwezi na kwa nini. Jibu litasomwa kwenye mkutano wa baraza la wazee wa mwezi ujao, neno kwa neno, liwe zuri au baya, na wewe au mwakilishi wako mnakaribishwa kulisoma wenyewe. Mkutano unaanza saa nne asubuhi. Mama mdogo ameahidi kuja, mvua ikinyesha au isinyeshe, na kikombe chake atakuwa nacho kwenye mkoba.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu, Baraza la Wazee la Mtaa
Uyole, Mbeya

Nakala:
Mganga Mkuu wa Mkoa
Afisa Ustawi wa Jamii wa Jiji
Mwenyekiti, Baraza la Wazee la Kata
Ubao wa matangazo, ofisi ya mtaa